Staji ku maktaba ya watu wote: kile stajieri anapashwa kujua kabla ya siku ya kwanza

Wanafunzi wengi wanaotumwa na iniversite ao shule ya juu kufanya staji ku maktaba wanafika na wazo moja: kwamba ni kazi ya kukaa kimya, kusoma, na kungoja saa ya kufunga. Wengine wanaona hata haya kusema nyumbani wamepata staji wapi, juu wenzao wamepata benki, ONG ao hospitali. Tuseme wazi tangu mwanzo: staji ya maktaba ni kazi ya kusimama, ya vumbi, ya ngazi na ya kuongea na watu. Na iko na uzito wake. Mu muji ambamo kitabu fulani kiko kimoja tu, stajieri akikirudisha pahali pasipo pake, kile kitabu kimepotea kwa wote, hata kama bado kiko ndani ya nyumba. Hakuna duka la kwenda kununua kingine kesho.

Hapa tunaeleza namna ya kuomba staji, kazi ya siku za kwanza, na mambo mawili matatu ambayo stajieri akiyakosea, mtu mwingine njo analipa.

Ni maktaba gani tunasema

Maktaba, ao bibliotheki kama wengi tunavyozoea kusema, haziko za namna moja. Maktaba ya watu wote ni ile inayofungulia kila mtu mlango: mwanafunzi, fundi, mama wa soko, mzee wa pensheni, mtoto. UNESCO ilitoa tangazo lake la kwanza juu ya maktaba za namna hii mwaka 1949. Likaandikwa upya mwaka 1972, 1994 na 2022, pamoja na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba. Maneno yamegeuka kidogo kila mara lakini shina ni lilelile: hakuna kubagua mtu kwa umri, kabila, dini, luga ao hali ya maisha, na kwa kanuni huduma zinapashwa kuwa za bure.

Kwetu mashariki mambo haiko sawa na vile karatasi inasema. Nyumba nyingi ambazo wakaaji wanaita maktaba ya watu wote ni za parokia, za shule, za iniversite, za shirika la raia ao za senta ya utamaduni. Zinapokea kila mtu, ndiyo, lakini mwenye nyumba njo anaamua masaa, bei ya karte na nani anaazima kitabu kwenda nacho nyumbani. Kuna pia maktaba za watafiti. Ile ya Lwiro, mu teritware ya Kabare, inajulikana mbali: ni ya senta ya utafiti wa sayansi, CRSN, iliyorithi vitabu na majarida ya IRSAC, taasisi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Hiyo ni hazina, lakini mtu haendi kule kutafuta kitabu cha hadithi ya mtoto wake. Bibliotheki ya taifa, ambayo kazi yake ni kupokea nakala ya vitabu vinavyochapishwa inchini, iko Kinshasa.

Kwa nini stajieri ajue haya? Juu mwenye nyumba njo atasaini atestasyo yake, na aina ya nyumba njo inaonyesha watu gani watamfikia ku meza. Mtu anayetaka kujifunza kupokea wakaaji wa kila namna asiende ku maktaba ya watafiti. Anayetaka kujifunza kuorodhesha majarida ya sayansi asiende ku chumba cha kusomea cha parokia. Zunguka kwanza. Ingia kama msomaji wa kawaida, omba kitabu, angalia vile wanakupokea. Siku moja ya kukaa pale itakuambia mengi kuliko barua tatu.

Barua, kashe, na ulizo la franga

Barua ya rekomandasyo inatoka ku shule. Ongeza barua yako mwenyewe ya kuomba, na kopi ya karte ya mwanafunzi. Chapa zote mara mbili: moja inabaki kwao, ya pili wanaweka kashe, tarehe na saini ya kupokea, unarudi nayo. Watu wanaona hii ni mambo madogo, lakini barua bila kashe ya kupokelewa ni kama haijafika. Utarudi kisha wiki mbili na utaambiwa, "Ile barua, hatukuiona." Usingoje pia mwisho wa mwaka wa masomo, wakati promosyo nzima inatafuta. Maktaba ndogo yenye meza mbili haiwezi kupokea stajieri kumi, na ikiwapokea, saba kati yao watakuwa wanaangalia simu.

Siku ya kuonana na mkubwa wa maktaba, uliza mambo manne bila kuogopa: staji ni ya siku ngapi na masaa gani; nani atakuwa msimamizi wangu kwa jina; nitapitia kazi gani, ku meza, ku orodha, ku etajeri; na mwisho wa staji nani anaweka alama. Ukiambiwa, "Utaona tu ukifika," omba kwa heshima waandike hata mistari mitano. Staji isiyo na programu inageuka haraka kuwa kazi ya kununua maji na kufotokopi makaratasi ya wengine.

Sasa franga. Staji ya masomo kwa kawaida hailipwi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inaongelea mkataba wa kujifunza kazi, lakini mwanafunzi aliyetumwa na shule yuko pale kwa mapatano kati ya shule na ile nyumba, haiko mkataba wa mshahara. Nyumba zingine zinasaidia transporti, zingine hapana. Piga hesabu yako mbele: moto mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, mwezi mzima. Kuna wanafunzi wanaanza vizuri, kisha wiki ya pili wanakosa siku moja kwa mbili juu franga ya moto imekwisha, na ku rapoti inaandikwa kwamba ni wavivu. Ni heri kuongea mbele na msimamizi na kupatana siku tatu kamili kwa wiki kuliko kuahidi tano na kutimiza mbili.

Kulipa kitu ili upokelewe staji, ao kulipa ili atestasyo isainiwe, hapana. Wengine wanaita ile motivasyo. Jina haligeuzi kitu. Na kwa wadada zaidi, ijapokuwa wakaka pia inawafikia: mkubwa anayeomba mambo ya mwili ili akupe alama anavunja sheria. Sheria za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya jeuri za kingono zimeweka usumbufu wa namna hii kati ya makosa yanayopewa azabu. Andika tarehe na maneno aliyosema, tunza ujumbe wa simu, na umwambie mtu wa shule unayemwamini kabla staji haijaisha, si kisha.

Wiki ya kwanza: kitambaa, ngazi na namba

Karibu kila mahali siku ya kwanza utapewa kitambaa cha vumbi. Usikasirike. Kufuta etajeri ni njia ya haraka ya kujua nyumba: mkono unapita ku kila kitabu, macho yanasoma kila namba. Kisha siku tatu za kufuta, utakuwa unajua historia iko wapi, kulima iko wapi, na ni upande gani watu hawagusi kabisa. Futa kutoka juu kwenda chini, kwa kitambaa kikavu, kitabu kikiwa kimefungwa. Ukitoa kitabu, usivute kwa kichwa cha mgongo wake, pale njo panapasuka. Sukuma ndani kidogo majirani wake wawili, kisha ukishike katikati.

Kitu kikubwa cha wiki ya kwanza ni namba iliyobandikwa ku mgongo wa kitabu. Ile namba ni adresi. Inasema kitabu kinaongelea nini na kinakaa wapi, na chini yake mara nyingi kuna herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi. Namba zinatoka ku mipango miwili mikubwa, na unapashwa kuuliza mapema nyumba yenu inafuata upi.

Wa kwanza ni wa Mmarekani Melvil Dewey, aliyeuchapisha mwaka 1876. Anagawanya elimu yote mu mafungu kumi: 000 mambo ya jumla, 100 filozofia, 200 dini, 300 mambo ya jamii pamoja na sheria na elimu, 400 luga, 500 sayansi, 600 ufundi, dawa na kulima, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Ndani ya kila fungu kuna mengine kumi, na ndani yake mengine kumi, kisha nukta na tarakimu zingine. Historia ya inchi yetu inakaa ku 967.51. Luga ya Kiswahili, 496.392. Stajieri anayejua hizi mbili kwa kichwa tayari anaweza kujibu wasomaji wengi wa asubuhi.

Mpango wa pili unaitwa CDU. Ulitoka Bruxelles, kazi ya Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walioanza kwa kupanua ule wa Dewey. Huyu La Fontaine njo alipata Nobel ya amani mwaka 1913. Vitabu na amani, mtu mmoja. CDU inafanana na Dewey lakini iko na mitego. Fungu la 4 liko tupu: luga zimehamishwa, zinakaa mu 8 pamoja na fasihi. Na ndani ya namba utakuta alama za kujumlisha, nukta mbili ao mabano, ambayo yanaonyesha inchi kwa mfano. Mtu aliyejifunza Dewey ku darasa, akiingia mu nyumba ya CDU bila kuuliza, anaweza kuharibu etajeri nzima kwa siku moja, tena kwa nia njema.

Mtego ambao unakamata karibu kila stajieri ni huu. Chukua 330.12 na 330.9. Kichwa kinasema kumi na mbili ni kubwa kuliko tisa, basi 330.9 itangulie. Hapana. Kisha ile nukta hatuhesabu kama franga, tunasoma tarakimu moja moja: 1 iko mbele ya 9, kwa hiyo 330.12 inakaa mbele na 330.9 inafuata. Vilevile 967.51 inatangulia 967.571, ambako utakuta Rwanda. Kupanga ni kutoka kushoto kwenda kulia, ukifika mwisho wa ubao unashuka ubao unaofuata wa etajeri ileile, hauruki kwenda ya jirani. Usijaze ubao kabisa. Acha nafasi ya vidole vine, juu vitabu vingine vitakuja.

Kama haujui mahali pa kitabu, usibahatishe. Kiweke pembeni ku meza ya kupanga, uliza. Kitabu kilicho ku meza kinaonekana. Kile kilichoingizwa kati ya vitabu visivyo vyake kinaweza kukaa miaka mpaka siku ya invanteri, na nyumba nyingi hazifanyi invanteri kila mwaka.

Rejista

Kila kitabu kinachoingia kinaandikwa mu rejista: namba ya kuingia, tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, na kama kilinunuliwa ao ni zawadi ya nani. Kisha kinapigwa kashe, mara nyingi ku ukurasa wa jina na ku ukurasa mmoja wa ndani ambao nyumba imechagua. Namba ya kuingia haitumiki mara mbili hata kama kitabu cha kwanza kimeungua ao kimeibiwa. Ukikosea, usipake rangi nyeupe juu: piga mstari mmoja, andika sawa pembeni, weka saini. Rejista ni ushahidi. Siku mtu analeta kitabu cha nyumba yenu alichokikuta sokoni, ile namba na ile kashe njo vitasema ni chenu.

Nyumba zingine ziko na kompyuta na programu kama Koha, iliyozaliwa Nouvelle-Zélande na kuanza kutumika mwaka 2000, ao PMB ya Wafaransa. Zote mbili ni za bure kupakua, na kujifunza moja kati yake ni faida kubwa ya staji, kuliko hata atestasyo. Lakini umeme unajulikana vile uko. Ukiandika vitabu hamsini mu mashine, hakikisha kuna kopi pengine kabla ya kwenda nyumbani, na usitupe fishi za karatasi kwa sababu eti sasa kuna kompyuta. Fishi za karatasi zinafanya kazi hata mu giza, na toshi.

Ku meza: ulizo la kwanza haiko ulizo lenyewe

Upande huu njo tunaona staji inajifunzika kweli, na shule zinaongea juu yake kidogo sana.

Mtu anafika, anasalimia, anasema: "Yaya, kuko kitabu ya sheria?" Ukimuonyesha etajeri ya 340 na kurudi kukaa, haujamsaidia. Muulize pole pole, bila kumchimba mbele ya wengine: "Ni sheria ya mambo gani, mama? Ya ndoa, ya udongo, ya kazi?" Kisha ulizo la pili ao la tatu, unasikia kwamba bwana amekufa, wakwe wanataka nyumba. Sasa unajua ni Kode ya familia anayohitaji, sehemu ya urizi. Ulizo ambalo mtu anatoa ku mlango ni dogo kuliko shida yake, juu anaona haya, ao hajui kitabu kinaitwa aje. Kazi ya stajieri ni kufika ku shida bila kumvua mtu nguo.

Na hapa kuna hatari ambayo stajieri wachache wanaiwaza. Kode ya familia ni sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987. Mu ile chapa ya zamani imeandikwa kwamba mwanamke aliyeolewa anapashwa kupata ruhusa ya bwana wake kwa tendo la kisheria analojifunga ndani. Imeandikwa pia kwamba msichana anaweza kuolewa na miaka 15. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ilibadilisha: ruhusa ya bwana iliondolewa, sasa bibi na bwana wanapashwa kupatana wote wawili, na umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote. Umri huo sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ilikuwa tayari imekataza kuwaoza walio chini yake.

Etajeri zetu zinaweza kuwa bado na kile kitabu cha 1987, kizuri, na kashe, ku namba yake sawasawa. Mama akikisoma atarudi nyumbani akiamini kwamba hawezi kusaini karatasi bila bwana wake. Papa anayetaka kumuoza binti wa miaka 16 atakisoma na kusema, "Munaona? Sheria inakubali." Kitabu hakijapotea, stajieri hajakosea namba, na bado madhara yamefanyika. Basi, ukitoa kitabu cha sheria, angalia mwaka wa kuchapwa, na useme: "Hii ni ya zamani, iligeuzwa mwaka 2016, tuangalie yote mbili." Kama nyumba haina chapa mpya, muombe msimamizi ruhusa ya kubandika karatasi ndogo ndani ya jalada: sheria hii imebadilishwa, na tarehe. Ni kazi ya dakika tano. Kama staji yako inaacha kitu kimoja tu mu ile nyumba, ikuwe hiyo.

Ni vilevile kwa sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ambayo iliguswa tayari mwaka 1980, na kwa vitabu vya dawa. Kitabu cha kutunza malaria cha miaka ya 1980 kinasifu klorokini. Inchi iliiacha kama dawa ya kwanza mwanzo wa miaka ya 2000 juu ugonjwa ulikuwa umeizoea. Mtu asichukue kipimo cha dawa mule.

Lakini usigeuke avoka wala muganga. Unaonyesha kitabu, ukurasa, tarehe. Ukisomewa, unaweza kusaidia mtu asiyejua Kifaransa kuelewa maneno, kwa Kiswahili chetu, pole pole. Kiswahili ni moja ya luga nne za taifa mu Katiba ya 2006, lakini sheria karibu zote zimeandikwa Kifaransa, na kutafsiri ku meza ni huduma kubwa. Mtu akiuliza, "Sasa nifanye nini?", hapo simama. Kuna biro ya mashauri ya bure ya bara ya waavoka mu miji mikubwa, mtume kule.

Watoto ni habari ingine. Wanafika wengi saa ya kutoka masomo, kwa makelele, na stajieri wengi wanawafukuza. Tunaona ni kosa. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyochapwa Tanzania ao Kenya viko na maneno ambayo watoto wa hapa hawayasikii nyumbani. Wasomee kwa sauti ukurasa mmoja, eleza maneno matatu, wataendelea wenyewe. Wafinalisti wa sekondari, hao hawataki hadithi, wanataka maulizo ya zamani ya Examen d'État. Weka hayo karibu na mlango.

Karte za watu, majina ya watu

Mu nyumba nyingi msomaji anaacha kitambulisho ku meza, na mara nyingi ile kitambulisho ni karte ya uchaguzi, juu njo inashika nafasi ya karte ya inchi. Stajieri mpya anaitupa mu mutiro pamoja na zingine. Mtu anatoka saa kumi na moja, karte yake haionekani. Njiani kuna barière. Wote tunajua maana ya kufika ku barière ya usiku bila karte. Kwa hiyo: sanduku lenye visanduku vya namba, kiberiti ya namba ileile mkononi mwa msomaji ao hata kipande cha karatasi, na karte hazitoki ku ile meza, wala kulala mu mfuko wako. Kama unaweza kumshawishi mkubwa kuandika namba tu na kurudishia mtu karte yake palepale, ni vizuri zaidi.

Rejista ya wasomaji pia ni siri. Nani alisoma nini, nani alikuja na nani, haitoki. Mtu anaweza kufika kwa uso wa kucheka na kuuliza, "Fulani anasomaka vitabu gani hapa?" Jibu ni moja, kwa adabu: "Hiyo muulize mkubwa wa maktaba." Mu sehemu zetu, ambamo mamlaka inaweza kugeuka kwa usiku mmoja, orodha ya majina iliyoachwa wazi ku meza ni hatari kwa watu walioamini nyumba yenu.

Mvua, mchwa na majivu

Kifupi, juu kila nyumba iko na adui wake. Mchwa wanapanda kutoka ku sakafu na ku ukuta: ubao wa chini usikae chini ya upana wa mkono kutoka ku sakafu, na etajeri isigusane na ukuta. Kila wiki toa vitabu kumi vya kona ya mwisho, angalia nyuma. Kitabu kilicholoweshwa na mvua hakiwekwi juani, kinajikunja; kisimamishe wazi kidogo mu kivuli penye upepo, tia karatasi nyeupe kila kurasa kadhaa na uzigeuze. Skochi ya kawaida isitumike kushona kurasa: kisha miaka michache inageuka manjano, inaacha doa na kuuma karatasi. Goma na pembezoni yake kuna pia vumbi na majivu ya volkano, yanayokwaruza kama mchanga. Pale usifute kwa nguvu, tumia burashi laini kwanza.

Rapoti na siku ya mwisho

Nunua kaye ndogo siku ya kwanza na uandike kila jioni mistari mitano: wasomaji wangapi wameingia, maulizo gani yamekuja, vitabu gani viliombwa na havikupatikana. Ile orodha ya mwisho ni dhahabu. Rapoti nyingi za staji zinaanza na kurasa nane za historia ya nyumba zilizokopiwa ku rapoti ya mwaka uliopita, na walimu wanazijua. Wewe ukileta meza ya hesabu uliyoihesabu mwenyewe, hata kama ni ya siku ishirini tu, hakuna anayeweza kuikuta pengine. Andika ukweli, pamoja na kile kisichoenda, lakini msomeshe msimamizi kabla ya kuipeleka; asijue mambo ya nyumba yake ku siku ya kuitetea.

Atestasyo iombe wiki moja mbele, na tarehe za kuanza na kumaliza, kazi ulizopitia, saini na kashe. Angalia jina lako limeandikwa sawa na ku karte ya mwanafunzi, herufi kwa herufi. Juu ya herufi moja watu wamerudishwa ku biro mara tatu.

Siku ya mwisho, acha karatasi ku meza kwa stajieri anayefuata: etajeri zilizokwisha kupangwa, zile bado, vitabu ulivyotafuta ukavikosa, na ufunguo uliorudisha kwa nani, saa ngapi.